Jani la Kuchora

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni mkiwa mmekaa. Najua mnavyosoma siku hizi. Mnasimama kwenye kituo cha bajaji, kidole kinapandisha maneno juu, mnacheka, mnapita. Haya si ya kupitia. Mimi shule niliiacha mapema nikapelekwa kuchunga ndama wa baba, kwa hiyo maneno mazuri msiyatafute hapa. Nitaandika niliyoyaona. Na nimekasirika, nawaambia mwanzoni kabisa, ili mkifika katikati msiulizane, bibi huyu mbona ana hasira. Ninazo, na sina haraka ya kuziacha.

Nataka kuwaeleza habari za Mchimba Dawa. Jina analo, la ubatizo na la nyumbani, na wengi wenu hapa Sumbawanga mnalijua. Sitaliandika. Sura yake imeshabandikwa vya kutosha, jina namwachia.

Kama hamkumwona akitembea, hamkumwona. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea kama mtu anayekwenda kugombana. Kutoka Kasense alikokaa hadi milima ya Mbizi alikwenda kwa miguu, asubuhi ya baridi, ile baridi yetu ya mwezi wa saba inayokausha midomo ikapasuka. Begani alining'iniza mfuko wa gunia, mkononi alishika kijembe kifupi cha chuma cha zamani, walichofua wahunzi wa kwetu wakati wazee bado wanayeyusha udongo kupata chuma. Kijembe hicho hakuazimisha mtu. Mume wake alipokuwa hai alijaribu siku moja kukitumia kung'olea kisiki. Nyumba nzima haikulala kwa kelele.

Mdomo wake ulikuwa mkali. Mkikutana njiani mliinama na kupigiana viganja taratibu, kama tunavyosalimiana sisi, na kabla viganja havijatulia alikuwa ameshakutafutia kosa. "Mbona mtoto umemfunga mgongoni kama mzigo wa kuni?" Au, "Mahindi yako pale juu yana njano, unalima au unachezea udongo?" Mimi aliniambia ninavaa kanga kama mtu anayekimbia moto. Tulizoea. Ukiumwa, ulivumilia mdomo wake ili upate mkono wake.

Mkono huo nausema kwa haki, maana sikuja hapa kudanganya. Alijua kuchimba. Alikaa chini kwanza, akautazama mti kana kwamba anamtazama mgeni aliyebisha hodi. Halafu alitoboa upande mmoja tu, wa jua la asubuhi, akakata mzizi mmoja, akarudisha udongo na kuukanyaga kwa kisigino. Mti uliochimbwa na mtu mwingine aliutambua kwa mbali, na aliyechimba alimtukana mbele za watu hata kama ni mwanakwaya. "Umeua mti mzima kwa tumbo la mtu mmoja!" Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema.

Sasa sikilizeni lililo kubwa, maana bila hili hamtaelewa kwa nini naandika. Mchimba Dawa hakuuza mzizi bila jani. Kila mzizi aliutoa mlimani na kijitawi chake, jani likiwa bado limeshika, akavifunga pamoja kwa ugwe wa gome. Ulinunua viwili kwa pamoja au hukununua. Kuna mti mmoja wa dawa ya tumbo, wenyewe sitautaja, msije mkakimbilia mlimani na majembe. Mti huo una mwenzake unaomea kwenye miteremko ya kwenda bondeni Rukwa. Mizizi yao ukiiweka pamoja imefanana, rangi ileile, uchungu uleule ukiuonja. Lakini mmoja unatuliza tumbo na mwingine unaharibu ndani ya mtu. Kinachoitofautisha ni jani tu. La mmoja lina manyoya chini, la mwingine ni laini kama kucha. Basi.

Kwa hiyo yeyote aliyeleta mizizi sokoni kuuza, aliulizwa na Mchimba Dawa neno moja tu, kwa sauti ya kufika hadi kwenye mabanda ya dagaa: "Jani liko wapi?"

Mtu alianza kujieleza, lilidondoka njiani, mama, nilitoka mbali. "Jani liko wapi?" Nimeuchimba mwenyewe, naapa. "Nakuuliza jani, wewe unaniletea kiapo?" Mizizi hiyo ilimwagwa kwenye mtaro, mwenyewe anatazama.

Na unga hakuuza. Nakumbuka mke wa mwalimu mmoja, wageni kutoka Mbeya, mama mpole, amevaa gauni la kazini. Alifika na kuomba asagiwe.

"Mama, shikamoo. Nisagie basi, nipate kukoroga kwenye uji. Nina haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Kaburini?"

"Jamani mama!"

"Nikikusagia, utajuaje nimesaga nini? Unga hauna uso. Chukua mzizi, chukua jani, nenda kapige mwenyewe kwenye kinu. Kama huna kinu azima kwa jirani, mjuane."

Yule mama aliondoka analia kidogo. Juma lililofuata alirudi anacheka, amepata jirani na tumbo limepoa. Hapo Mchimba Dawa alitaka ashukuriwe kwa sauti. Ndiyo, hilo nalo mlijue. Alipenda kusifiwa kama mtoto anavyopenda muwa. Ukimshukuru chinichini aliziba sikio na kukuambia, "Sisikii." Ukipaza sauti watu wakageuka, alitazama pembeni kana kwamba anaona aibu, na uso wote umejaa.

Alikuwa mtu wa mambo yanayogongana. Padri akihubiri alisinzia, lakini asiyekwenda kanisani alimfuata hadi nyumbani kumkaripia. Aliwaambia watu sukari inaozesha damu, na mwenyewe chai yake kijiko kilisimama. Alisema hospitali zimejaa watoto wanaocheza na simu, na hapohapo hakuna aliyepeleka wagonjwa wengi hospitali kuliko yeye. Mwanamume mmoja wa Wampembe, mvuvi, alipanda huku juu na kikohozi chenye damu akitaka mizizi. Mchimba Dawa alimtazama, akafunga mfuko wake. "Hii si ya kwangu." Yule akabembeleza. Basi alimshika mkono, akaongozana naye hadi getini pa hospitali, akasimama pale amejishika kiuno mpaka jamaa akaingia. "Na nikisikia umetokea mlango wa nyuma, nitakufuata ziwani!"

Mtu wa namna hiyo utaacha kumwamini? Mimi sikuacha. Kifungua mimba wangu akiwa mtoto aliharisha hadi macho yakaingia ndani. Tulitoka hospitali, akawa hali chakula, tumbo linamsokota. Mchimba Dawa alikuja mwenyewe, akakaa na mimi jikoni, akapiga mzizi kinuni huku akinitukana kwa kukoroga ugali wa ulezi mwepesi. Mtoto alikula jioni hiyo. Kama ni mzizi au ni Mungu au ni dawa za hospitali zilizotangulia, mimi sijui, na yeye hakusema ni mzizi. Kipande kilichobaki, na jani lake limefungwa, nilikining'iniza darini jikoni. Kilikaa humo kwenye moshi miaka yote, kikawa cheusi kama kamba ya katani iliyoungua. Sikukitoa. Nilikiona kama picha yake.

Halafu miguu yake ikaisha. Magoti yalivimba, mlima ukawa mbali, baadaye hata soko likawa mbali. Alikaa nje ya nyumba yake Kasense kwenye kigoda, anawatukana wapita njia kwa sauti inayopungua. Tulimpelekea mahindi, tulimpelekea maharage. Watu hawakumwacha, asije akawaambia wamemtupa.

Ndipo wakaja wenye makopo. Ni wafanyabiashara, vijana waliovaa vizuri, wana mashine ya kusaga na ya kubandika karatasi. Walimpiga picha, kilemba kipya kichwani, kijembe chake mkononi. Kidogo tu, sokoni kila meza ina kopo la plastiki la kijani, uso wa Mchimba Dawa mbele, na pembeni ya uso wamechora jani. Ndani ni unga. Na watu wakanunua kama mvua ya kwanza imenyesha! Walinunua wa mjini, walinunua wa vijijini, makopo yakateremshwa Kasanga yakapakiwa kwenye boti za kwenda Zambia na Kongo. Kila mtu alisema lile lile: yule bibi hajawahi kuuza kitu bila jani. Ameweka uso wake, basi jani limo.

Hilo ndilo kosa letu, na ni kosa la watu wa hapa tu. Mtu wa Dodoma angeona kopo akaona kopo. Sisi tuliona yule mwanamke na mtaro na mizizi iliyomwagwa. Uso wake ulikuwa umeshatuzoesha kutokuuliza.

Mwanangu wa mwisho, Leokadia, alijifungua salama mwaka ule. Baadaye tumbo likawa linamsumbua, akanunua kopo. Alikunywa kwenye uji, asubuhi na jioni, kama walivyoandika. Lilipokwisha akanunua lingine. Mimi nilikuwa shamba, kwenye matuta ya mahindi, naye anakaa kwa mumewe upande mwingine wa mji. Niliporudi kumwona, macho yake yalikuwa na rangi ya kiini cha yai. Viganja navyo. Mkojo kama chai ya rangi. Alikuwa amemkalisha mtoto mapajani na hana nguvu ya kumnyanyua kumpa ziwa.

Hospitali wakasema ini. Daktari, binti mdogo lakini amekaza uso, aliuliza anakunywa nini. Mkwe wangu akatoa lile kopo. Daktari aligeuza, akasoma, akaguna.

"Mama, humu ndani kuna nini?"

"Mzizi wa tumbo," nikasema. "Namfahamu aliyechimba."

"Ulimwona akichimba huu?"

Nilimchukia saa ile, maskini, kwa kuuliza swali la haki.

Sasa nina mjukuu, Skolastika, binti wa kifungua mimba wangu yule yule. Amesoma mambo ya mimea na anafanya kazi maabara, huko Dar es Salaam. Alipanda basi akaja kumuuguza shangazi yake. Siku ya pili akakaa nami jikoni, analigeuza kopo mkononi.

"Bibi, huu unga unaweza kupimwa DNA."

Nilicheka, pamoja na machungu niliyokuwa nayo. DNA ninayoijua mimi ni ya wanaume wanaokana watoto. "Unataka kujua baba wa unga?"

"Ndiyo hivyo hivyo, bibi. Kila mti una vinasaba vyake, viko kwenye jani, viko kwenye mzizi, viko kwenye gome. Hata ukiusaga, vimo. Mti hauwezi kuvivua."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia, kwa hiyo unasema hata ndani ya unga kuna jani, ila halionekani kwa macho. Akanitazama, akasema, "Bibi, ungekuja kutufundishia wanafunzi." Nikamwambia aache kunipaka mafuta, aendelee.

Akasema vitabu vya maabara vina miti mingi lakini miti ya huku kwetu Ufipa mingi haijaandikwa bado, kwa hiyo anahitaji cha kulinganishia. Kitu ambacho kila mtu anakubali kuwa ndicho mti wenyewe. Nikainua macho darini. Nikapanda juu ya kigoda, nikakikata kile kipande cheusi na jani lake, nikamfungia kwenye kanga. Alikipokea kwa mikono miwili. Akaniambia moshi na miaka vinaharibu, haniahidi kitu, ila atajaribu. Akapita pia kwa mzee mmoja anayechunga kule miteremkoni, mzee akamwonyesha ule mti mwingine, naye akachuma jani laini. Akaenda navyo.

Leokadia akawa amelazwa. Nilikaa naye. Kunyonyesha kulikatazwa, mtoto akalishwa maziwa ya kopo na wifi zake. Kila nilipofumba macho niliona kopo la kijani.

Majibu yalipokuja Skolastika hakunipigia simu, alipanda basi tena. Kile kipande cha darini kilisomeka, kidogo lakini kilisomeka. Ni mti wenyewe. Mchimba Dawa wa zamani hakudanganya, hata baada ya moshi wote ule alikuwa anasema kweli. Kwenye unga wa kopo mti huo haukuwemo. Sisemi ulikuwemo kidogo. Haukuwemo. Palikuwa na mahindi. Palikuwa na muhogo. Na palikuwa na yule mwenzake wa bondeni, mwenye jani laini.

Skolastika ni mtoto mwaminifu, akanieleza na yasiyomsaidia. Kipimo kinasema ni mti gani, hakisemi kama unaponya. Hakisemi pia umo kiasi gani. Na daktari naye alisema hawezi kuapa kuwa ini liliumizwa na kopo peke yake. Sawa. Nimeyaandika. Lakini mahindi yangu ninayolima kwa mgongo wangu, mtu ananiuzia kwenye kopo kama dawa, na amechanganya humo kitu ambacho kila mtoto wa Ufipa anakatazwa kukigusa! Hilo halihitaji daktari.

Tulikwenda sokoni, mimi na Skolastika na ile karatasi ya majibu. Kijana wa meza alituamkia vizuri.

"Shikamoo bibi. Karibu, tumbo? Mgongo? Ninayo yote."

Skolastika akamweleza. Akasoma karatasi, akaigeuza nyuma kama kuna picha. "Dada, hivi vitu vya mzungu. Dawa yetu inachemshwa kabla ya kukaushwa. Bosi anasema ikichemshwa DNA inapotea, kipimo hakioni kitu."

"Ni kweli," akasema Skolastika. "Ikichemshwa sana inaharibika, na kipimo kinaweza kisione kitu. Lakini hiki kimeona. Kimeona ugali."

Watu walicheka. Kijana naye akacheka. Halafu mama mmoja aliyekuwa amesimama pale, ana mtoto mgongoni, akanyoosha mkono juu ya karatasi yetu akachukua kopo. Nikamwambia, mwanangu, umesikia? Akanijibu kwa upole kabisa, "Nimesikia, bibi. Lakini huyu tunamjua," na akaugusa ule uso kwa kidole gumba.

Hapo nikaelewa karatasi haitatusaidia. Skolastika aliipeleka kwa wanaohusika, na kuna watu walikuja, makopo yakaondoka mezani. Baada ya muda yakarudi yakiwa na kifuniko chekundu. Uso ni ule ule. Kuna mdomo mmoja tu katika nchi hii ambao ungesema yasinywewe, na watu wakayaweka chini. Nikaenda Kasense kuutafuta.

Nilimkuta kwenye kigoda chake, amejifunika blanketi. Jua la mchana, upepo mkavu unasukuma mabua ya mahindi uani. Amepungua. Jicho moja lina ukungu mweupe. Tulipigiana viganja, na viganja vyake havikutoa sauti.

"Mdogo wangu," akasema, "bado unavaa kanga kama mtu anayekimbia moto."

Nilitaka kucheka, na nilijikasirikia kwa kutaka. Nikamwambia, "Dada, Leokadia ametoka hospitali. Hashiki jembe. Anakaa juani kama kuku mgonjwa, mtoto wake analelewa na watu wengine. Alikunywa lako."

"Langu lipi? Mimi mlimani sijakwenda tangu miguu iishe."

"La kwenye kopo."

Nikamweleza yote, mti wa bondeni, mahindi, kile kipande cha darini kilivyosema kweli. Niliposema hicho kipande kilikuwa bado darini kwangu, uso wake ulifunguka kidogo. "Ulikitunza?" Nikamwambia ndiyo. "Miaka yote?" Nikamwambia ndiyo, dada, na ndicho kilichokushtaki.

"Mizizi wanaleta wao," akasema. "Vijana wao. Wanaipitisha hapa nione."

"Na majani?"

"Wanasema majani yanaoza kwenye lori."

Miaka yote ile, watu wote wale waliomwagiwa mizizi yao mtaroni, na wenye lori walijibu hivyo wakakubaliwa! Nikatoa kopo kwenye kikapu, nikamwekea mapajani, nikamuuliza neno lake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, nikitaka majirani wasikie.

"Jani liko wapi?"

Alilishika kopo. Aliligeuza polepole, akapapasa karatasi kwa kucha, akapita juu ya uso wake, akafika pembeni. Akaweka kidole.

"Si ndilo hili hapa."

Alikuwa amegusa jani la kuchora. Jani la kijani, zuri, la mti ambao haupo Ufipa wala popote.

Mpaka leo sijui. Labda jicho lile halioni tena. Labda akili imeanza kuondoka. Labda alinijibu kama wenye makopo walivyomfundisha. Nilimwinamia, nikamwambia, "Dada, Jumapili tutakubeba hadi kanisani. Misa ikiisha utasema mbele ya watu kwamba hicho si chako na kisinywewe. Maneno hayo tu. Wewe wakikusikia wataacha."

Alivuta blanketi. "Uso wangu umefika Kongo," akasema. "Unajua? Kijana mmoja wa Kasanga aliniambia. Huko wananiita mama. Mimi picha sikuwahi kupigwa, isipokuwa ya kadi ya kura." Halafu akashika mkono wangu, yeye ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi. "Nisubiri nife, mdogo wangu. Nikishazikwa, sema yote. Mtu anasubiriwa hata kwa hilo."

"Leokadia hakusubiriwa," nikasema. "Na kuna mama ana mtoto mgongoni, ananunua leo."

Aligeuza uso upande wa jicho lenye ukungu. Nilikaa pale nikingoja aseme, nikangoja mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni kwetu. Alikuwa anapapasa kopo tu, pale penye uso. Nikalichukua mikononi mwake, na hakunipa kwa urahisi.

Ninyi mtasema ni mzee, amechoka, msameheni. Kusamehe nitaongea na padri. Angekuwa hajui, amedanganywa, ningemlilia. Huyu alijua. Alijua kuliko sisi wote kwa nini jani halitengwi na mzizi, alitufundisha kwa matusi hadi tukajua usingizini, halafu akauza hicho hicho tulichojifunza kwake. Ndiyo maana siandiki nikiwa na huzuni. Naandika yeye akiwa hai, akiwa bado anaweza kusomewa, na Skolastika nimemwambia akamsomee.

Jioni ile nilirudi nikawaita wote wa nyumbani kwangu jikoni, wakubwa kwa wadogo, na Leokadia wakamleta na koti lake. Nikawaambia:

"Kopo hili halitupwi wala halifichwi. Liwekwe dirishani, uso utazame njia. Atakayeuliza aelezwe, leo, msingoje msiba. Anzeni kwa kusema alijua kuchimba, kisha semeni alichofanya, msikate upande mmoja. Akifa mtakwenda kuchimba kaburi na mtapika, asizikwe kama mtu asiye na watu. Na kuanzia sasa, dawa ya mti isiyokuja na jani lake haivuki mlango huu, hata nikiileta mimi."